Aliyeondokewa na Haya, Je, Kalamu Yamwandika?

 

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi kijana mmoja aliniuliza suala ambalo usiku ule sikulijibu. Alisema: mtu aliyeishi miaka 50 kwa haya na uaminifu, kisha akageuka akawa mchafu wa ulimi na mwepesi wa mkono, yupi katika hao wawili ndiye yeye wa kweli? Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa kukosa la kusema, bali kwa kuwa suala hilo niliwahi kulijibu zamani, tena juu ya mimbari, na jibu langu lilikuwa kosa. Naandika leo ili nilitoe kosa hilo hadharani, maana hadharani ndipo nilipolitenda.

Wengi wenu mkaao Mombasa na Malindi hamjafika Werugha, lakini kabichi yake mmeila. Ni mahali pa juu katika milima ya Taita. Ukitoka Voi hupita Mwatate, ukapanda hadi Wundanyi, kisha ukapanda tena, mpaka ufike kwenye ukungu na baridi ya kumfanya mtu wa pwani aswali Alfajiri na shuka mabegani. Waislamu wa huko ni wachache, nami kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda kusomesha. Katika wachache hao alikuwako mtu mmoja wa makamo, jina lake silitaji, aliyekuwa akikusanya mboga za wakulima na kuziteremsha soko la Kongowea. Wenyeji walimwita Mghosi, kama wamwitavyo kila mtu mzima wa hishima. Watu walimpa fedha zao bila ya karatasi wala shahidi. Akipita mbele ya wanawake huinamisha macho. Yeye ndiye aliyekuwa akiadhini, na ufunguo wa msikiti ulikuwa kwake.

Alipokaribia miaka 60 tabia yake ikageuka. Alianza kuwaambia wanawake wa watu maneno ambayo sitayaandika. Akawa akiingia dukani huchukua mkate au peremende, akala palepale mbele ya mwenye duka, akatoka bila ya kulipa wala kukimbia. Fedha za wakulima zikapotea, naye akiulizwa hacheki wala hanuni, huondoka tu. Kisha siku moja, kwa jambo dogo la chai kuchelewa, akamtamkia mkewe wa miaka 30 talaka tatu mbele ya wanawe.

Nikapanda mimbari siku ya Ijumaa nikatoa khutba ya unafiki. Jina sikulitaja, lakini nilisema ya kuwa mtu huweza kuivaa kanzu ya ucha Mungu miaka mingi, kisha Mwenyezi Mungu akamvua watu wakamwona alivyo. Shingo zote zikageuka upande mmoja. Naye alikuwa amekaa pale, akinitazama kama mtu anayesikiliza khabari za mvua.

Wanawe walikuwa wamekwisha kumpeleka kwa mganga, na mganga akasema ni jini wa mlimani, akataka mbuzi wawili. Nilipopata khabari nikawakemea sana. Leo nikipima naona ya kwamba mganga na mimi tulikuwa kundi moja: yeye alisema jini, mimi nikasema unafiki, wote tukasema tusilolijua. Tofauti ni kuwa yeye alichukua mbuzi, mimi nilichukua hishima ya mtu.

Aliyetutoa gizani ni binti yake aliyeolewa Mombasa. Alikataa maneno ya mganga na yangu mimi, akamteremsha babake, akampeleka hospitali, akapigwa picha ya kichwa kwa mashine ya MRI. Mashine hiyo haitumii miale kama picha za mifupa tuzijuazo. Ni sumaku kubwa yenye nguvu, na mtu hulazwa ndani yake akatulia, na kwa nguvu ile maji yaliyo mwilini hutoa ishara, na ishara hizo ndizo zichorwazo zikawa picha ya ubongo tabaka kwa tabaka. Binti alinionyesha picha ile, na daktari akanieleza nami nikimfuata kwa kidole. Ubongo wa mtu mzima mwenye afya huijaza nyumba yake, na mikunjo yake imeshikana kama vidole vya ngumi. Katika picha hii upande wa nyuma ulikuwa umejaa hivyo, lakini upande wa mbele, nyuma ya paji la uso na nyuma ya panja, mikunjo ilikuwa imesinyaa, na kati yake pana mianya mipana iliyojaa maji. Hata mimi nisiyesoma tiba niliona ya kuwa pana kitu kimeondoka.

Mababu wa Wataita walikuwa na desturi ya kuvifukua vichwa vya wazee wao baada ya kuzikwa na kuviweka katika mapango ya majabali, na mapango hayo yapo milimani hata leo. Sisi desturi hiyo hatuikubali, kwani maiti ana hishima yake kaburini. Lakini nilipoishika ile picha nililikumbuka pango nililopata kuonyeshwa, kwa kuwa nami siku ile nilikuwa nimekishika kichwa cha mtu nikitaka kiniambie mwenyewe alikuwa nani.

Maradhi hayo madaktari huyaita dimenshia ya frontotempora, yaani kupotewa na akili kunakoanzia sehemu za mbele na za ubavuni mwa ubongo. Si maradhi mapya. Arnold Pick, tabibu wa mji wa Prague, aliyaandika mwaka 1892, na mwaka 1911 Alois Alzheimer, ambaye jina lake limepewa maradhi mengine ya usahaulifu, akaona kwa hadubini madoa yaliyokusanyika ndani ya chembe za ubongo wa wagonjwa wa namna hii. Juzi juzi, mwaka 2023, watu wa nyumbani kwa mchezaji sinema wa Marekani, Bruce Willis, walitangaza ya kuwa ndiyo yaliyompata, na hapo ndipo wengi waliposikia jina lake kwa mara ya kwanza.

Usahaulifu wa uzee tulioutambua ni mtu kusahau mlo alioula na jina la mjukuu, na huku adabu yake huenda ikabaki. Haya ni kinyume. Kumbukumbu hubaki siku nyingi, na haya na huruma ndizo zitanguliazo kuondoka. Tena huwashika watu mapema, mara nyingi kati ya miaka 45 na 65, wakati ambapo hapana anayemdhania mtu ugonjwa wa akili. Mwaka 2011 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya alama sita: kuondokewa na kizuizi katika maneno na vitendo, ubaridi wa kutojali jambo, kukauka kwa huruma, kurudia jambo lilelile bila ya kuchoka, kubadilika kwa ulaji, khasa kupenda vitu vitamu, na kushindwa kupanga mambo hali kumbukumbu ingali nzima. Niliposomewa alama hizi nilimwona Mghosi wetu katika kila moja. Hata peremende za dukani zilikuwamo.

Na hapa nataka wanafunzi wa fikihi wasikilize vizuri. Wataalamu hao wameugawa uthibitisho wao daraja tatu. Mgonjwa mwenye alama tatu katika hizo sita husema juu yake kuwa yawezekana. Akiwa pamoja na alama hizo ameshindwa na shughuli zake za kila siku, na picha ya ubongo ikaonyesha kusinyaa kwa sehemu za mbele, husema yaelekea ndiyo. Yakini hawaisemi mpaka ubongo wenyewe uchunguzwe, au ipatikane katika damu ile hitilafu ya kurithiwa iletayo maradhi haya. Sisi tuliosomeshwa tangu utotoni tofauti ya shaka, dhana na yakini tulimhukumu mtu kwa mkate mmoja, na hao wenye sumaku na hadubini hawathubutu kusema yakini mpaka wafike mwisho wa ushahidi. Wakaongeza kutuonya ya kuwa mwanzo wa ugonjwa picha huenda ikatoka safi kabisa, hali mtu tayari ni mgonjwa.

Basi hukumu yake ni ipi? Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza ya kwamba kalamu imeondolewa juu ya watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka arudiwe na akili. Kila mmoja wetu anaijua hadithi hii. Lakini tunapoisoma, mwendawazimu tumpigiaye mfano ni yule apitaye njiani uchi akizungumza na miti. Mghosi hakuwa hivyo. Aliisoma Yasin bila ya kukosea. Alihesabu chenji sawasawa. Daktari alimuuliza, ni halali kuchukua mali ya mtu? Akajibu mara moja, haramu. Kisha alipokuwa akitoka akachukua biskuti zilizokuwa juu ya meza ya karani.

Hapo ndipo palipo uzito wa jambo, na ndipo nilipoteleza. Nilidhani ajuaye kuwa kitu ni haramu kisha akakitenda, huyo ni asi, basi. Nilisahau ya kuwa baina ya kujua na kutenda kuna kitu cha tatu, nacho ni ule uwezo wa kujizuia. Lori lishukalo mteremko wa Wundanyi likikatika breki, dereva anaiona kona, anaijua kona, na pengine anapiga kelele kuwaonya watu, lakini kona haimsaidii. Na hapana mwenye akili atakayesema kuwa dereva yule siku zote alikuwa akitamani kulitia lori bondeni, ila breki ndizo zilizokuwa zikimficha. Hivyo ndivyo nilivyosema mimi juu ya yule mtu. Nilidai ya kuwa kilichoonekana baada ya kizuizi kuondoka ndicho kilichokuwa kweli, na kizuizi chenyewe, yaani haya aliyokaa nayo miaka 50, nikakihesabu kuwa ni nguo ya juu tu. Kwa nini haya yasiwe ndiye yeye, na uchafu ukawa ndio ugonjwa?

Atasema mtu: Shekhe, ukiufungua mlango huu kila mwizi atasema ubongo wangu umesinyaa. Suala hili ni la haki. Nami nalijibu kwa kumwangalia mwizi mwenyewe. Mwizi huchagua giza, huangalia nyuma, huficha alichokitwaa, na akishikwa huapa. Kule kuficha kwake ndiko kunakomshuhudia ya kuwa kizuizi anacho, ameamua kukiruka. Mgonjwa huyu hutwaa mchana, mbele ya mwenyewe, kitu kisicho na thamani, wala hakimbii. Tena mwizi wa kawaida ana historia ya wizi, na huyu ana historia ya amana. Kwa hivyo alama ya kutazamwa ni mgeuko: mtu kuwa kinyume cha alivyojulikana, bila ya sababu, katika umri wa utu uzima. Huko San Francisco madaktari walipitia majalada ya wagonjwa wao, wakaandika mwaka 2015 ya kuwa katika wagonjwa 171 wa maradhi haya ya kugeuka tabia, 64 walikuwa wametenda jambo la kuvunja sheria; na katika wagonjwa 545 wa Alzheimer, 42 tu. Kwa hivyo huenda magerezani wamo watu waliostahili kulazwa hospitali. Lakini picha peke yake si kadhi. Picha huonyesha nyama iliyopungua. Nia ya mtu saa alipotenda haimo ndani yake, na ni lazima itafutwe kwa ushahidi wa waliokuwa naye.

Na ushahidi huo tuliupata pahali ambapo hatukutazamia. Suala la talaka lilitutaabisha sana. Talaka ya asiye na akili haipiti, hilo halina khitilafu. Lakini mume alitamka hali anajua siku na mwezi, na asili ya mtu ni kuwa na akili timamu, na asili ya ndoa iliyofungwa ni kubaki. Asili mbili zinapingana. Wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema dai la wazimu wakati wa talaka husikilizwa ikiwa wazimu huo ulikuwa umekwisha kujulikana kabla yake. Picha ilipigwa miezi mingi baada ya talaka. Basi kadhi akauliza, ulianza lini? Mkewe, ambaye mpaka siku hiyo hapana mtu aliyemuuliza neno, akasema: miaka miwili kabla, siku ya kumzika nduguye, mume wangu alisimama kaburini akauliza chakula kiko wapi, nami usiku ule nikawaambia watoto kuwa baba yenu ameondoka, aliyebaki simjui. Wanawe wakashuhudia ya kuwa ni kweli aliyasema, nao wakamnyamazisha. Mwanamke yule aliyajua kabla ya mganga, kabla ya mimi, na kabla ya mashine. Ndoa yao imebaki.

Ama mali aliyoila, msidhani kuwa kalamu ikiondolewa na deni huondoka. Dhambi haimo, lakini fidia imo. Alichokiharibu mwendawazimu hulipwa katika mali yake, na msimamizi wake ndiye atoaye. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametukataza kuwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, na papo hapo akatuamrisha tuwalishe, tuwavishe na tuwaambie maneno mema. Wanawe wamelifanya hili kwa njia iliyonipendeza: wakulima wamelipwa kwa kuuzwa shamba moja, na kila mwanzo wa wiki wenye maduka ya pale huwekewa fedha kidogo, ili atakachokichukua baba yao kiwe kimekwisha lipiwa. Tiba ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana. Dawa zipo za kutuliza baadhi ya vitendo, na vidonge vya Alzheimer havimfai. Kazi iliyobaki ni ya nyumba na ya majirani.

Na majirani ndio ninaowakhofia. Upande wa pili wa Kilimanjaro, wilaya ya Hai, waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika mwaka 2009 na 2010, wakaona ya kuwa kama 6 katika kila 100 wana dimenshia ya namna moja au nyingine, na karibu wote hawakuwa wamepata kuambiwa hivyo na daktari. Huku kwetu Kilifi wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mpaka huko Ganze, katika Kaya Godoma, pakawekwa pahali pa kuwasitiri wanaotishwa. Mzee akizungumza peke yake usiku, akaingia nyumba si yake, akatukana, tayari ni mchawi. Ndugu zangu, hao wenye mapanga hawakuzua fikra zao peke yao. Wamezisikia kwa waganga, na wengine, Mungu atusamehe, wamezisikia kwa watu wenye vilemba.

Linabaki suala la imani, nalo kijana wetu alilikusudia hata kama hakulitaja. Tumefunzwa kuwa haya ni tawi la imani. Nyama ikisinyaa haya yakaondoka, je, na imani imesinyaa? Mimi nalipima kwa mlango wa udhu. Mtu aliyekatwa mkono wote haambiwi udhu wako ni pungufu. Kiungo kimeondoka, na fardhi yake imeondoka nacho. Na katika hadithi iliyo kwa Bukhari tumepata bishara ya kuwa mja akiugua huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. Ikiwa ni hivyo, adhana za Mghosi zingali zikiandikwa kila alfajiri, na huenda katika daftari yake hakuna siku hata moja ya wizi. Ama yangu imo khutba ile.

Nilirudi Werugha kumtaka radhi. Nilikaa naye barazani, nikamwambia, Mghosi, nimekukosea, nisamehe. Akasema, haya, nimekusamehe, akaniuliza kama nimekuja na halua. Nilifurahi kwa muda wa hatua tano, kisha nikakumbuka ya kuwa asiye na akili kutoa kwake hakusihi, wala kusamehe kwake haki yake hakusihi. Mkewe na wanawe wamenisamehe lililo lao; lililo lake hawana ruhusa ya kulitoa. Ijumaa iliyofuata nikasimama pahali palepale nikayakanusha maneno yangu mbele ya watu walewale, nikamtaja kwa amana yake na adhana yake, kama wanazuoni walivyoelekeza kufanywa kwa aliyesengenywa akafa kabla ya kutakwa radhi. Yeye alikuwapo, akaondoka katikati ya khutba.

Lakini huyu hakufa, na sijaona katika vitabu nilivyosoma mlango wa aliye hai ambaye radhi yake haipatikani tena. Msomaji aliyeuona katika kitabu chochote na aniandikie kwa anwani ya jarida hili, ataje kitabu na mlango wake.